Riwaya za Vijana Zinazosomwa kwa Sauti

Wasikilizaji wangu, jambo nililokuja nalo limenikaa moyoni tangu likizo iliyopita, na sikuona mahali pa kulisemea panapofaa kuliko hapa, ambapo maneno hayasomwi kwa macho bali husikiwa kwa masikio.

Usiku mmoja wa likizo hiyo umeme ulikatika mtaani petu mnamo saa mbili. Mpwa wangu, kijana wa miaka 16 aliyekuja na mama yake, ambaye ni dada yangu, kukaa nasi siku chache, akabaki hana runinga ya kutazama wala mchezo wa kuchezea, kwa kuwa simu yake ilikuwa imebakiwa na chaji kidogo tu, ya kuwashia tochi. Nami, ambaye kwa siku tatu nilikuwa nikimwona anakipita kitabu kilichowekwa juu ya meza kama anavyokipita kiti, nikamtia kitabu kile mkononi nikamwambia, "Mwanangu, macho ya mjomba wako hayamudu tena mwangaza wa tochi, nisomee." Akakipima kwa mkono, akasema, "Chote hiki, mjomba?" Nikamjibu kwamba asome kurasa kumi tu, kisha ana ruhusa ya kwenda kulala. Alipokifungua alistaajabu, maana ukurasa mzima ulikuwa na mistari sita au saba mifupi, na mahali palipobaki ni peupe. Dada yangu, ambaye Kiingereza hakukisoma, akamtaka mwanawe ampe maana kila baada ya kurasa kadhaa, basi kijana akawa anasoma na kufasiri, anasoma na kufasiri, kurasa kumi zikapita bila ya yeyote kuzihesabu, na wala hakwenda kulala. Ilipokaribia saa tano alikuwa amekimaliza, tochi imefifia, na mbu wametushiba, akakifunga kitabu juu ya goti lake akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mjomba, hakuwafuata, sivyo?"

Kijana huyu ndiye yule yule aliyeniambia kwamba tangu aingie sekondari hajakimaliza kitabu hata kimoja, isipokuwa vile alivyolazimishwa kwa ajili ya mtihani.

Kitabu chenyewe kinaitwa Long Way Down, nami kwa lugha yetu ningekiita Mteremko Mrefu. Mtungaji wake ni Jason Reynolds, Mmarekani Mweusi, na kilitolewa mwaka 2017. Mwaka uliofuata kikapewa heshima ya Newbery na heshima ya Printz, ambazo ni katika heshima kubwa zinazotolewa huko kwa vitabu vya watoto na vijana. Ni riwaya, yaani ina watu wake, mkasa wake na mwisho wake, lakini imeandikwa kwa mashairi tangu neno la kwanza hata la mwisho. Kuna kijana wa miaka 15, jina lake Will, ambaye kaka yake, Shawn, amepigwa risasi akafa mtaani kwao, naye alikuwa ametoka kumnunulia mama yao sabuni maalumu, kwa kuwa mama ana maradhi ya ngozi yanayomwasha hata akajikuna mpaka damu. Katika mtaa huo zipo kanuni tatu ambazo mtoto wa kiume huzirithi kwa wakubwa wake: usilie, usimtaje mtu, na lipa kisasi. Basi Will anaivuta kwa nguvu droo ya katikati katika kabati la nguo, droo ambayo siku zote imekwama na kukaa upande, anaikuta bastola ya kaka yake, anaichomeka kiunoni nyuma, anaingia katika lifti, anabonyeza kitufe cha kushukia chini kabisa, na moyoni amekwisha kumhukumu mtu anayemdhania kuwa ndiye muuaji.

Mteremko wa lifti ile, kwa saa ya ukutani, ni wa dakika moja na ushei. Kitabu karibu chote kimo ndani ya dakika hiyo, kwa sababu kila ghorofa lifti inaposimama mlango hufunguka, na anayeingia ni mtu aliyekwisha kufa. Huingia rafiki wa kaka yake. Huingia binti aliyecheza naye utotoni, ambaye alipokuwa na miaka 8 aliuawa katika uwanja wa michezo kwa risasi isiyokusudiwa yeye. Huingia ami yake. Huingia baba yake. Hawaji kwa vishindo wala kwa minyororo kama mizuka ya hekaya. Wanawasha sigara, moshi unajaa katika kile kisanduku cha chuma, na wanamuuliza maswali mepesi ambayo hakuna kijana mwenye silaha anayetaka kuulizwa, kama vile: je, ukimkosa uliyemkusudia, risasi itampata nani? Na baba anapofika anamsimulia mwanawe kwamba yeye naye siku moja alikwenda kumlipia kisasi ndugu yake, akamwua mtu, kisha ikabainika kwamba aliyemwua siye.

Hapo ndipo dada yangu, aliyekuwa akichambua mchele wa kesho kwa kupapasa gizani, alipousimamisha mkono wake akasema, "Rudia hapo pa baba." Kijana akarudia. Mara hii hakusoma Kiingereza kwanza. Alitazama ukurasa, akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa Kiswahili maneno machache, akapumua, akasema mengine machache, akapumua tena, na nikaona kwamba alikuwa akipumua pale pale ambapo mtungaji alikata mistari yake, bila ya kufundishwa na mtu yeyote nini maana ya kituo. Mimi nimesomesha ushairi miaka mingi kwa ubao na chaki, nikachora vina vya kati na vya mwisho kwa rangi mbalimbali, na nakiri mbele yenu kwamba sijapata kumwona mwanafunzi aliyekielewa kituo upesi kama alivyokielewa kijana yule kwa mwanga wa tochi.

Jason Reynolds mwenyewe amekwisha kusimulia hadharani kwamba hakupata kusoma riwaya yoyote kutoka jalada hadi jalada mpaka alipofika umri wa miaka 17, na kwamba kilichomwingiza katika maneno si vitabu bali ni mashairi ya wanamuziki wa rapu, aliyoyasikia akiwa mtoto. Amesimulia pia kwamba alipokuwa na miaka 19 rafiki yake aliuawa, na yeye na wenziwe wakatamani kisasi. Kwa hiyo anapoandika habari ya bastola iliyochomekwa kiunoni haandiki habari ya kusikia. Nami nikiyatia mambo hayo mawili katika mizani naona yanatuhusu sana sisi, kwa kuwa vijana wetu hawa tunaowalaumu kwamba hawasomi, ukiwasimamisha njiani wanaweza kukuimbia kwa moyo nyimbo za kizazi kipya beti kwa beti, na vina vyao havikosei. Kijana mwenye kuhifadhi beti nyingi kiasi hicho hana uhaba wa akili wala wa mapenzi ya maneno. Alichokikosa ni kitabu kitakachomwingilia kwa mlango uliokwisha kufunguka, yaani sikio.

Huenda msikilizaji wangu wa Lamu au wa Pemba, mwenye kitabu cha tenzi juu ya rafu yake, anasema moyoni mwake kwamba riwaya ya mashairi si bidhaa ngeni iliyoshuka jana kutoka melini. Haki ni yake. Utendi wa Tambuka ulitungwa mwaka 1728, na ni hadithi ya vita ndefu iliyopangwa kwa vipande vya mizani minane minane. Na Utendi wa Fumo Liyongo, ambao Muhammad Kijumwa aliutunga mwaka 1913, ni hadithi ambayo mtu akianza kuisikia hana budi kuimaliza. Na katika hadithi hiyo ya Liyongo, natamani mkumbuke, yupo kijana mwenye silaha. Mfalme wa Pate alimwahidi mwana wa Liyongo cheo na mke, akampa sindano ya shaba, na kijana akaenda akamchoma baba yake kitovuni. Tangu utotoni nimesikia habari za ushujaa wa Liyongo, jinsi alivyopiga goti karibu na kisima na upinde wake mkononi hali roho imekwisha kutoka, na watu wakaogopa kuteka maji. Lakini moyo wangu mara nyingi umekwenda kwa yule kijana. Alifikiri nini njiani, sindano iko kibindoni? Alilala vipi usiku wa kuamkia siku ile? Utendi ni wa baba, si wa mwana, na kwa hiyo swali hilo hatujibiwi ila kwa ufupi. Long Way Down ni kitabu cha kijana aliye njiani na sindano yake, na mtungaji amekataa kumruhusu afike kabla hatujaketi naye.

Hii ndiyo tofauti ninayoiona, na ndilo neno lililonileta mbele ya kinasa sauti leo. Katika tenzi zetu za nasaha mzee husema na kijana husikiliza. Mwana Kupona alimtungia binti yake wasia mwaka 1858. Shaaban Robert aliwatungia wanawe tenzi mbili, Hati kwa binti na Adili kwa mwanawe wa kiume. Na katika hizo zote umo upendo ambao hauna kifani, na mimi mwenyewe nimelelewa kwazo. Lakini mwana hajajibu. Riwaya hizi mpya za mashairi ni jibu lake: humo kijana ndiye anayesema, na mzee akitaka kujua kilichomo moyoni mwa mwanawe hana budi kunyamaza na kusikiliza.

Kitabu cha pili nitakachokitaja kinalionyesha jambo hilo kwa namna iliyonitia simanzi. Kinaitwa The Poet X, kimetungwa na Elizabeth Acevedo, binti wa New York ambaye wazazi wake walitoka Jamhuri ya Dominika, na kilitolewa mwaka 2018. Mwaka huo huo kilipata Tuzo ya Kitaifa ya Vitabu ya Marekani kwa upande wa vijana, na mwaka 2019 kikapata Medali ya Carnegie ya Uingereza. Kabla ya hapo Acevedo alikuwa mwalimu katika jimbo la Maryland, na amesimulia kwamba mwanafunzi wake mmoja alikuwa akivikataa vitabu vyote anavyopewa, kwa sababu hakuna hata kimoja kilichokuwa na mtu kama yeye. Riwaya hii ndiyo jawabu la mwalimu kwa mwanafunzi huyo na wenziwe.

Msemaji wake ni Xiomara, binti wa miaka 15 anayeishi Harlem na mama mcha Mungu, mwenye sheria kali, ambaye amekata shauri kwamba bintiye atakuwa vile yeye alivyotamani kuwa akakosa. Binti hana wa kumwambia lolote. Nyumbani kimya ni adabu, na njiani wanaume wanamsemesha maneno ya kutahayarisha tangu mwili wake ulipokua. Kwa hiyo anaandika. Ana daftari la ngozi alilopewa na pacha wake, humo hutia kila alilolinyamazia mchana, na usiku hulificha. Siku moja mama analikuta daftari, analisoma, na analitia moto mbele ya macho ya bintiye, naye binti anaghani mashairi yake kwa sauti huku karatasi zikiungua, kwa maana alikwisha kuyahifadhi.

Nilipofika hapo nilikiweka kitabu chini nikatoka nje kutembea. Nilikuwa nikimkumbuka Mwana Kupona. Yeye alikuwa mgonjwa, na utendi wake unaanza kwa kumwita bintiye ajongee karibu na wino na karatasi, kwa kuwa analo neno moyoni. Huyo mama anataka wino uletwe. Mama wa Xiomara anachoma kilichoandikwa. Hata hivyo, wasikilizaji wangu, insafu inanitaka niseme kwamba mama huyu wa pili hakuandikwa kuwa adui. Ni mwanamke aliyefanya kazi ya kusafisha maofisi ili watoto wake wale, na anachokiogopa kinatokea kweli duniani kwa mabinti wengi. Acevedo anamwachia nafasi ya kurudi, na namna anavyorudi sitaieleza, maana mwenye kukisoma ana haki ya kuipata mwenyewe.

Sikubaliani na kila neno la binti huyu. Ana maswali juu ya dini ambayo anayatamka kwa ukali wa umri wake, na yapo mambo ya mwili aliyoyasema bila ya pazia. Mzazi wa pwani atakayekifungua kitabu hiki huenda akashtuka. Ninachomwomba ni kwamba akisome kwanza yeye, chote, si ukurasa mmoja uliomshtua, kisha amkabidhi bintiye kwa mkono wake na wazungumze. Kwa sababu maswali yale binti yake anayo tayari, na tofauti ni kama atayauliza sebuleni au mahali pengine.

Cha tatu nitakipita kwa haraka, ingawa si kwa udogo wake. Safia Elhillo, mshairi mwenye asili ya Sudani, alitoa mwaka 2021 Home Is Not a Country, habari za Nima, binti wa mhamiaji Mwislamu anayelelewa na mama peke yake katika nchi ya ugenini, naye anatamani siku zote kwamba angalizaliwa na jina jingine na maisha mengine aliyoyaona katika picha za zamani za wazazi wake. Wasikilizaji wetu walio ughaibuni, wenye watoto wanaojibu Kiingereza wanaposemeshwa Kiswahili, kitabu hicho nadhani wangekihisi mifupani.

Sasa nisije nikaonekana nasifu kila kilichokatwa mistari. Nimelelewa katika madrasa ya ushairi yenye kanuni, kitabu cha Sheikh Kaluta Amri Abedi kuhusu sheria za kutunga mashairi, cha mwaka 1954, nimekisoma hata jalada likanyofoka, na Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, mashairi yasiyo na vina wala mizani, mimi nilikuwa upande wa waliokasirika. Miaka imenipunguzia ghadhabu hiyo lakini haijanipotezea sikio. Zipo riwaya nyingi za namna hii ambazo ni nathari tupu iliyokatwakatwa kama muwa, kusudi kitabu kionekane kinene na msomaji ajione anakwenda mbio. Kuzitambua si kazi ngumu: mpe mtu akusomee ukurasa mmoja nawe ufumbe macho, ikiwa huwezi kusikia mstari unakwisha wapi, basi hapakuwa na mstari. Vitabu vya Reynolds na Acevedo nimevipima kwa kipimo hicho, kimoja kwa kinywa cha mpwa wangu na kingine kwa kinywa changu mwenyewe, na vyote vimesimama.

Liko pingamizi moja ninaloliheshimu, nalo ni kwamba hadithi hizi ni za Harlem na za lifti za Marekani, na ziko katika lugha ambayo watoto wetu wengi huisoma kwa kuhema. Ni kweli. Lakini mwaka 2022 Ida Hadjivayanis alitupatia Peponi, yaani Paradise ya Abdulrazak Gurnah kwa Kiswahili, hadithi ya Yusuf, mtoto wa miaka 12 aliyetolewa rehani kwa deni la baba yake, na wasomaji wengi tulihisi kwamba kitabu kimerudi nyumbani. Ikiwa riwaya ile nzito imeweza kufasiriwa, Long Way Down, yenye maneno machache kwa kila ukurasa, haiwezi kushindikana. Na mfasiri wake asiwe mtu wa kamusi tu, awe mtu wa sikio. Mimi nimekwisha kumsikia mmoja akianza kazi hiyo bila ya kujua, gizani, mama yake akiwa na ungo wa mchele mapajani.

Tafsiri, hata hivyo, ni nusu ya haja. Enyi watunzi wa Lamu, wa Mombasa, wa Tanga, wa Unguja na Pemba, na ninyi vijana mnaotunga rapu katika vyumba vya nyuma mkidhani kwamba ushairi ni wa wazee wenye kanzu, tuandikieni utenzi wa kijana wa leo. Awe ni kijana aliyefeli mtihani akaogopa kurudi nyumbani, au binti aliyeposwa kabla hajamaliza shule, au mvulana aliyeitwa na wenziwe kwenda kulipiza. Na asemeshwe yeye mwenyewe, kwa Kiswahili anachokisema akiwa na rafiki zake, si kwa kile anachotuandikia sisi walimu. Mkitaka kushika vina na mizani minane, shikeni, nitafurahi. Mkitaka kuviacha, viacheni, lakini mistari yenu isikike. Atakayeumaliza aulete katika kituo hiki, nami naahidi mbele ya wasikilizaji wote hawa kwamba nitausoma katika kipindi hiki beti zote, hata ukichukua majuma matatu.